"Acheni" si "tulieni": Zaburi ya 46 na mahubiri yetu ya ughaibuni



Naomba nichangie kidogo juu ya huu utulivu kwa Mungu unaohubiriwa sana katika ibada zetu za Kiswahili huku Marekani. Nimeusikia Columbus, nimeusikia Louisville, na hapa Buffalo ndio usiseme. Andiko ni lilelile, Zaburi ya 46 mstari wa 10, na mahubiri ni yaleyale: tulia, nyamaza, Mungu anajua. Sina ugomvi na sala ya kimya, mwenyewe naipenda. Ugomvi wangu ni na hilo "tulia", na mtu anayeambiwa.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Biblia ya Union Version ya 1952 haisemi "tulieni". Inasema "acheni". Wapo wanaoiona tafsiri butu, ati Kiingereza cha King James, kinachowataka watu wakae kimya bila kujongea, ni kitamu zaidi. Mimi naona kinyume. Kitenzi cha Kiebrania ni harpu, cha mzizi wenye maana ya kulegeza, kuachia, kushusha mikono. Aliyekamata kitu anaambiwa akiachie. Watafsiri wetu walilenga kabisa. Habari Njema ilipokuja baadaye na "nyamazeni" yake, nionavyo mimi, tulirudi nyuma.

Wagiriki nao walishika njia yao. Septuaginta ina kitenzi cha kuwa na nafasi, na mzizi wake ndio babu wa "shule" yetu, iliyotufikia kupitia Kilatini na Kijerumani. Vulgata ikafuata: vacate, yaani kuweni na nafasi. Taamuli ya Kikristo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya wazo hilo, kwamba lazima mtu ajipe nafasi ndipo amjue Mungu. (Tena tusisahau kwamba taamuli hiyo haikuzaliwa Ulaya, karne ya 4 ilikuwa jangwani Misri, kwa akina Antonio.)

Sasa hiyo nafasi anayo nani? Mchukueni Thomas Merton. Alifundisha chuo cha St. Bonaventure, kusini ya Buffalo, kabla ya kuingia monasteri ya Watrapisti ya Gethsemani, Kentucky, tarehe 10 Desemba 1941. Nimemsoma tangu nikiwa mwanafunzi, na kwa karne ya 20 sijamwona aliyeandika juu ya kupumzika kwa Mungu kwa lugha nyepesi kama yake. Lakini kumsoma ukitoka zamu ya usiku ghalani ni shughuli nyingine, jamani. Mmonaki halipi kodi ya nyumba. Tena hata yeye alilalamikia makelele ya mashine za monasteri, na mwaka 1965 akaruhusiwa kuhamia kijumba cha peke yake msituni. Mama wa Kikongo wa Louisville mwenye watoto watano, yeye akahamie wapi?

Kwa haki yake, Merton tatizo aliliona. Tarehe 18 Machi 1958, katikati ya Louisville, kona ya Fourth na Walnut, alijikuta anawapenda wapita njia wote, akatambua kwamba kule kujitenga kama watu wa aina ya pekee kulikuwa ndoto tu. Hiyo Walnut tangu 1978 inaitwa Muhammad Ali Boulevard. Nikipita pale huwa nacheka. Ali, mtoto wa mji huohuo, mwaka 1967 alitakiwa ajiunge na jeshi wakati wa vita vya Vietnam, akakataa. Huyo naye "aliacha", bondia, Mwislamu, bila monasteri.

Sichezi na maneno. Someni Zaburi yenyewe. Kabla ya amri ile Mungu anakomesha vita, anavunja pinde na mikuki, anateketeza magari. Ndipo anasema acheni. Kwa usomaji wangu wanaoambiwa ni mataifa yenye silaha mkononi. Wapo wanaosema ni Israeli inayoambiwa isitegemee nguvu zake. Sawa, ila hata hapo anayeambiwa ana kitu cha kuachia. Watrapisti wa Kipkelion, Kenya, walikuwa wametulia tayari. Baada ya ghasia za uchaguzi ilibidi mwaka 2008 wahamie Kijura, Uganda. Walioshika pinde ndio hawakuacha.

Wahubiri wetu wameigeuza amri hii ikawa ya wenye mikono mitupu. Nilimsikia mmoja, simtaji, akimwambia mama aliyekuwa anadai ovataimu yake kazini kwamba atulie mbele za Bwana. Bwana yupi hasa, wa mbinguni au wa ghala? Kutoka 23:12 inaagiza mapumziko ya siku ya saba ili mwana wa mjakazi na mgeni wapumue. Kitenzi kimetokana na nefesh, ndugu wa "nafsi" yetu, na kina maana ya kuvuta pumzi, kama "pumzika" ilivyo na "pumzi" ndani yake. Anayeamriwa pale ni mwenye mali. Mgeni haamriwi kitu, anapewa.

Mimi nakaa Lackawanna, na ukimya naujua. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem kiliwahi kuwa na wafanyakazi kama 20,000, na mwaka 1983 sehemu kubwa ya shughuli zake ikazimwa. Ufuko wa Ziwa Erie ukanyamaza kwelikweli. Siku hizi inazunguka mitambo ya upepo. Waulizeni wazee wa Kiyemeni waliofanya kazi pale kama ukimya ule uliwapumzisha.

Upande wa pili kuna basilika ya Our Lady of Victory ya 1926, kazi ya Padre Nelson Baker, aliyelisha wenye njaa wengi mno. Mchana wa siku za kazi huingia nikakaa viti vya nyuma. Sisemi neno. Baada ya muda mabega yanashuka yenyewe, na ninajua nimekuwa nimekamata nini tangu asubuhi. Ndiyo harpu hiyo.

Nikiombwa kusoma ibadani nachukua Union Version, na mstari wa 9 nausoma kwanza, polepole.