Nyumba Kongwe na Hesabu ya Moshi

Siku hizi husikika hoja ipendezayo masikio: nyumba kongwe hupoteza umeme na maji, basi na ibomolewe, na mahali pake pasimame jengo jipya litumialo nguvu za jua, lisiloidhuru dunia. Mimi niliisikia Mombasa, katika Mji wa Kale, kwa mwenye nyumba aliyekuwa na shauku ya kujenga ghorofa. Ni hoja yenye nia njema, lakini hesabu yake huanza katikati.

Huanza siku jengo jipya lifunguliwapo mlango, wala haizitaji siku zilizotangulia. Saruji haipatikani ila kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri yenye joto la digrii 1,450 hivi. Tena moshi wa makaa si dhara pekee, maana jiwe lenyewe, likiungua, hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kazi ya saruji hukadiriwa kuwa hutoa kama sehemu 8 katika kila 100 za hewa hiyo itokanayo na shughuli za wanadamu duniani. Deni hilo huchukuliwa kwa mara moja. Umeme unaookolewa hulilipa kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

Nyumba ya kale ilikwisha kujengwa. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe huchelewesha joto la mchana, na vichochoro vyembamba huzipa nyumba kivuli. Sitaki kuisifu kupita haki yake. Boriti ya mkoko ni fupi, hivyo vyumba ni vyembamba. Na lipu ya chokaa isipotengenezwa, mvua hupenya hata boriti zikaoza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake Desemba 2020, ikaua watu wawili. Anayetetea nyumba kongwe bila kutaja gharama ya kuitunza naye huficha nusu ya hesabu.

Lakini nyumba iwezayo kusimama huweza pia kubadili kazi. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 iwe ngome ya Wareno. Ikawa gereza toka 1895 hata 1958. Na tangu 1960 na kitu ni makumbusho. (Wafungwa, nadhani, hawakupata nafasi ya kuusifu ubaridi wa kuta zake.) Kazi zote hizo hazikudai ngome ivunjwe, ijengwe nyingine.

Nilimwuliza yule mwenye nyumba kama fundi alikwisha kuzikagua kuta na dari, apate kujua lililo bovu na lililo zima. Akanijibu kwamba fundi bado. Aliyekwisha kuja ni mchora ramani wa ghorofa.