Mgongo wa Seiko 5 husomwa kabla ya uso

Mnunuzi mgeni akishika Seiko 5 kuukuu huvutwa na uso wake: rangi kali, mishale inayong'aa, bei inayovumilika. Mjuzi huigeuza kwanza. Tarakimu zilizochongwa kwenye kifuniko cha nyuma ndizo zinazomwambia atoe pesa au arudishe saa mezani.

Jina la Seiko 5 lilianza mwaka 1963, na saa hizi zimetengenezwa kwa wingi mno. Ndiyo maana bado zinanunulika, na ndiyo maana vipuri vya saa tatu tofauti hukutanishwa ndani ya bodi moja.

Tuseme nyuma kumeandikwa 6119, kistari, kisha tarakimu nyingine nne. Nne za mwanzo hutaja mashine. Zinazofuata hutaja bodi. Pembeni kuna namba ya saa yenyewe, nayo inaanza na 1N. Alama ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, kisha O, N na D. Basi hii ni ya Novemba, mwaka unaoishia na 1. Mashine ya 6119 ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, hivyo jibu ni 1971. Kwa mashine ya 7009 kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa ilidumu muda mrefu: 7 ya mwanzo inaweza kuwa 1977 au 1987.

Sasa ndipo uso unapohojiwa. Chini kabisa, ukingoni, kuna maandishi madogo yanayohitaji kioo cha kukuzia. Kwa kawaida nayo huanza na namba ya mashine. Yakisema 7009 wakati mgongo unasema 6119, uso huo umetoka kwingine. Yakikosekana kabisa, au herufi zikiwa nene na zimepinda, huenda uso umepakwa rangi upya. Soko la India limejaa Seiko 5 za namna hiyo, nyingi zikiwa na rangi ambazo kiwanda hakikuzitoa kamwe. Saa kama hizo hutembea, lakini hazistahili bei ya uso halisi, hata uso huo halisi ukiwa umefifia.

Mikwaruzo ya kioo isimtishe mtu, kioo hubadilishwa. Kingo za bodi zilizolainishwa kwa kusuguliwa hazirudi.

Bei ya kulinganishia ni ile ambayo saa kama hiyo imeuzwa kweli, si ile ambayo muuzaji anaiomba. Kama nzima zinauzwa shilingi 200,000 na fundi saa anataka 60,000 kuisafisha na kuitia mafuta, mazungumzo yaanzie chini ya 140,000.

Mwisho ijaribiwe. Mashine ya 6119 haitiwi ufunguo kwa mkono. Itikiswe taratibu, mshale wa sekunde uanze kutembea. Tarehe isirukishwe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana wakati huo meno ya kalenda yameshikana na yanaweza kuvunjika. Saa iliyovaliwa kutwa nzima, kisha ikasimama kabla ya asubuhi, inadai matengenezo, na muuzaji aambiwe hivyo kabla bei haijafungwa.