Mkono Unaochoma Yai la Mbu

Yai la mbu wa malaria lina urefu wa nusu milimita hivi. Chini ya hadubini linaonekana kama ngalawa: mwili mwembamba uliopinda, na ubavuni vielea viwili vyenye hewa vinavyolishikilia juu ya maji kama mirengu. Ndani ya chombo hicho fundi wa maabara anatakiwa kupenyeza sindano ya kioo, na muda alionao ni mfupi.

Tukisikia habari za mbu waliobadilishwa vinasaba, mazungumzo hukimbilia mbele: je, ni salama, nani kaidhinisha, watasambaa hadi wapi. Ni maswali ya haki, na yaulizwe. Ila yanairuka kazi yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono, na mimi naihusudu.

Inaanza kwa mbu jike. Hulishwa damu, akaachwa siku mbili tatu mayai yakomae, kisha huingizwa kwenye kichupa chenye karatasi mbichi na kuwekwa gizani ili atage kwa saa ya fundi. Mayai hutoka meupe, huanza kuingia kijivu, na baada ya saa chache yameshakuwa meusi na magumu. Likichomwa likiwa jeupe mno hupasuka. Likishakuwa jeusi, ncha ya sindano huvunjika. Fundi mzoefu huisoma rangi. Akiuona ule ukijivu mwepesi huyachukua mayai kwa brashi laini, moja moja, akayapanga kwenye ukingo wa karatasi yenye unyevu, yote yakielekeza ncha ya nyuma upande mmoja.

Ncha ya nyuma ina sababu yake. Katika saa za mwanzo yai la mdudu halijajenga utando wa kutenganisha seli. Viini vinaongezeka na kuelea pamoja kwenye ute mmoja. Vile vinavyofika mwisho wa nyuma ndivyo vitakavyokuwa chimbuko la mbegu au mayai ya mbu atakayetoka humo. Jeni ikitiwa hapo, kabla ya utando huo kujengeka, watoto wanaweza kuirithi. Ikiishia kwingine, hufa na mbu huyo huyo.

Sindano yenyewe ni kibomba cha kioo kilichopashwa moto katikati na kuvutwa pande mbili hadi kikakatika, kikabaki na ncha nyembamba kuliko unywele. Yai husogezwa kuelekea sindano, ncha ikapenya, na msukumo mdogo wa hewa ukaingiza tone lisiloonekana kwa macho. Dalili ya kwamba limeingia ni ute kutikisika kidogo tu. Ukizidisha, yai linavuja na halifai tena. Ncha huziba, inabidi kuibadilisha, na wakati huo mayai yaliyobaki kwenye foleni yanaendelea kuiva.

Mengi hayaanguliwi. Machache yanayotoa viluwiluwi hulelewa kwenye trei, katika chumba chenye joto la nyuzi 27 hivi na unyevu mwingi, kwa chakula cha samaki kilichosagwa. Chakula kikizidi maji huoza, kikipungua wanadumaa. Wakifikia kuwa pupa, madume hutengwa na majike kwa kutazama ncha ya mkia, mmoja baada ya mwingine, kisha kila upande hupandishwa na mbu wa kawaida. Hata hapo hakuna anayejua kama sindano ilifaulu. Jibu liko kwa watoto, kwa sababu jeni iliyokusudiwa huambatanishwa na jeni ya alama, mara nyingi iliyotokana na kiumbe wa bahari wa jamii ya matumbawe, inayofanya macho yawake mekundu chini ya mwanga maalumu. Kiluwiluwi mmoja mwenye macho hayo, kati ya mamia wasio nayo, anatosha kuanzisha ukoo.

Ufundi huu ulianza mwaka 1982 kwa Drosofila, nzi mdogo wa maabara. Mwaka 1995 ukamfikia nzi wa matunda wa Mediterania, adui wa wakulima wa machungwa, na mwaka 2001 ukamfikia Anopheles gambiae, mbu wetu wa Afrika. Mwaka 2017 madume ya nondo anayeharibu kabichi yaliachiwa shambani katika jimbo la New York, yakiwa na jeni inayoua watoto wao wa kike wangali viwavi. Kwa miaka yote hiyo mbu wa Afrika alikuwa akichomwa Ulaya na Marekani.

Ndiyo maana habari ya Bagamoyo ilinigusa. Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Imperial College London walitangaza kwamba mbu wa namna hii wametengenezwa Tanzania, ndani ya maabara yenye ulinzi mkali huko Bagamoyo. Mbu hao hutengeneza tumboni protini mbili, moja asili yake chura na nyingine sumu ya nyuki, zinazozuia vimelea visikue. Nao walijaribiwa kwa vimelea kutoka kwa watoto walioambukizwa malaria katika maisha ya kawaida, ambavyo vina mchanganyiko mkubwa kuliko vile vilivyozoea chupa za maabara.

Katika utafiti huo, kimeng'enya kinachoisukuma jeni ya protini hizo irithiwe na watoto wengi kuliko nusu ya kawaida kiliwekwa kwenye ukoo mwingine, kusudi jeni hiyo isiweze kujisambaza yenyewe. Uangalifu huo nao ni sehemu ya ufundi.

Koo hizo zinahitaji kulishwa, kutagishwa na kukaguliwa macho kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa mbu wa kawaida wakijipenyeza bila kugunduliwa, kazi ya miaka huharibika. Na kwa kuwa viluwiluwi hawana sikukuu, kwenye maabara za namna hii huwapo mtu wa zamu wa kuwalisha hata siku ya Idi na ya Krismasi.