Kuutambua Udongo Unaosafisha Mafuta

Mnunuzi wa udongo wa kaolini wa Malangali, mkoani Iringa, hutazama kwanza weupe. Kwa mtengenezaji wa vigae au rangi za ukuta yuko sahihi. Kwa anayetaka kung'arisha mawese ya Kyela, weupe haumwambii lolote. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe nao huuthamini udongo unaoshika umbo na kuhimili moto, sifa zisizohusu mafuta hata kidogo. Udongo wa mafuta upimwe kwa kazi yake, na kazi hiyo ni zaidi ya kuchuja. Chembe zake ni bapa nyembamba za silika na alumini zenye sehemu za asidi, na hapo ndipo molekuli za karotini hunaswa na kugeuzwa. Anayedai kwamba udongo huinyonya tu rangi aangalie karotini inapogusa udongo uliotiwa asidi na kukaushwa: wekundu huelekea kijani au buluu. Kama ingekuwa kuchuja tu, udongo ungebaki mwekundu kama kitambaa cha kuchujia.

Kwa hiyo uliza eneo la uso wa chembe kabla ya rangi. Gramu moja ya kaolini kwa kawaida ina mita za mraba 10 hadi 20. Bentonaiti, aina nyingine ya udongo, ikitibiwa kwa asidi hupita 200, hata ikiwa ya kijivu. Je, asidi ikizidi udongo utakuwa bora zaidi? Hapana. Asidi ya kiasi hung'oa sehemu ya alumini na kufungua vitundu. Ikipita kiasi bapa hubomoka, na udongo wenye asidi kali huvunja mafuta yenyewe na kuongeza asidi huru. Pasha sampuli za mafuta yaleyale kwa nyuzi 100 hivi, kila moja na udongo wake kwa kipimo kimoja, chuja, kisha yaweke. Yaliyong'aa leo lakini yakachacha upesi yanaushtaki udongo wake.

Wapo watakaouliza kwa nini tuondoe karotini, chanzo cha vitamini A. Hoja hiyo ina nguvu, na mawese ya mboga yaachwe mekundu. Kung'arisha kunamfaa mtengenezaji wa sabuni nyeupe. Yeye naye asirundike udongo uliotumika: mafuta yaliyobaki ndani huungana na oksijeni kwa kasi juu ya bapa hizo, joto hupanda, na lundo huweza kuwaka lenyewe. Autandaze na kuulowesha mara tu unapotoka kwenye chujio.