Pesa katika Nairobi Half Life

Wengi hukumbuka bunduki za Nairobi Half Life (2012), filamu ya Tosh Gitonga. Mimi hukumbuka pesa. Mwas, muuza filamu kijijini anayetaka kuwa mwigizaji, anapewa pesa na binamu yake aipeleke Nairobi. Siku ya kwanza tu, anaibiwa kila kitu. Kisha ni genge usiku, mazoezi ya jukwaani mchana, na kwangu lile deni la pesa linafifia. Hapo filamu iliniangusha, manze, ingawa naipenda. Mimi niliacha chuo ili niandike. Karo ilitoka kwa maziwa ya ng'ombe wa mathe. Deni hilo halijafifia. Malipo ya makala hii yatanunua sare za kakangu mdogo. Chaja ya laptopu itangoja.