Jedwali la Safu Tatu: Nani Anachunguza katika Mtihani wa Kemia?

Karatasi ya vitendo ya kemia ya kidato cha nne ina umbo ambalo aliyesoma sayansi Tanzania halisahau. Maswali mawili, alama 25 kila moja, saa mbili na nusu. Moja huwa taitresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inamaliza nguvu ya besi. La pili ama ni kasi ya mmenyuko, ama ni kutambua chumvi isiyojulikana. Watoto wa Kusenyi, Chirorwe na Wanyere wanaosoma sekondari za kata huko Suguti, Musoma Vijijini, huikalia karatasi hiyo kama wenzao wa Dar es Salaam. Mazungumzo yetu juu yake huishia kwenye uhaba wa kemikali na mafundi wa maabara. Uhaba huo ni wa kweli, lakini nataka tuisome karatasi yenyewe kama tunavyosoma shairi: mistari imepangwaje, nani anasema, na mwanafunzi ameachiwa nafasi wapi.

Nianze na chumvi, maana hapo umbo lina mengi ya kusema. Swali la kawaida huja na jedwali la safu tatu: jaribio, kilichoonekana, na maana yake. Safu ya kwanza imeshajazwa na mtunzi. Nyingine mbili ni tupu. Chini kuna hitimisho: kationi (sehemu ya chumvi yenye chaji chanya) ni ipi, anioni (yenye chaji hasi) ni ipi.

Tuseme chumvi ni nitrati ya risasi, na majaribio yanaanza ikiwa imeshayeyushwa katika maji. Mwanafunzi anadondosha hidroksidi ya sodiamu, anapata mashapo meupe; akizidisha, mashapo yanayeyuka. Shaba na chuma vimeondoka kwenye orodha, kalsiamu pia. Zinki, risasi na alumini bado zimo. Anachukua sehemu nyingine ya myeyusho uleule, anatia amonia: mashapo meupe, na safari hii hayayeyuki hata akizidisha. Zinki imetoka. Zimebaki risasi na alumini, na kwa dawa hizo mbili hazitofautiani kabisa. Hapo ndipo akili inapotakiwa. Kuna chupa nyingi mezani. Ni ipi itakayozitenganisha? Mstari unaofuata wa jedwali unajibu: tia aidodi ya potasiamu. Mashapo ya njano yanashuka, na jina la risasi linaandikwa.

Aliyefikiria kuichukua chupa ile wakati ule ndiye aliyechunguza, na aliyefikiria ni mtunzi wa mtihani. Mwanafunzi amekuwa mkono wake na macho yake. Kiini cha uchunguzi ni kuchagua jaribio la pili kwa sababu ya lile la kwanza, na uchaguzi huo umechapishwa katika safu ya kwanza kabla mtoto hajaingia chumbani.

Kuna udhaifu wa pili, nao unamwumiza msahihishaji. Jedwali limeandikwa lisomwe kutoka juu kwenda chini, lakini linaweza kujazwa kutoka chini kwenda juu. Mtahini akitoa chumvi ya shaba, fuwele zake za buluu zinasema kila kitu mara moja. Mwanafunzi aliyekariri vizuri ataandika hitimisho kwanza, kisha atarudi juu kujaza yale ambayo shaba hufanya: mashapo ya buluu, yanayoyeyuka kuwa myeyusho wa buluu nzito amonia ikizidi. Anaweza kufanya hivyo bila kugusa testityubu. Msahihishaji akiisoma safu ya pili hana njia ya kujua kama anasoma kilichoonekana au kilichokumbukwa.

Hata hivyo jedwali lina wema wake. Mtoto aliyekulia Kijita au Kikwaya nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa anapimwa kwa Kiingereza. Safu fupi zinamruhusu aonyeshe anachokijua kwa maneno manne au matano. Tukimwagiza aandike insha ya uchunguzi wake, tutapima zaidi lugha kuliko kemia. Ndiyo maana sipendekezi jedwali lifutwe.

Taitresheni imeandikwa kwa umbo bora zaidi, ingawa inaonekana ya kuchosha. Mwanafunzi anaweka asidi katika bureti, besi kwa pipeti, matone mawili au matatu ya kiashirio cha methili oranji, kisha anarudia mpaka apate vipimo vinavyokaribiana. Jedwali lake linauliza kipimo cha mwisho, cha mwanzo, na ujazo uliotumika. Hakuna cha kukariri hapa. Zaidi ya hayo, namba zina ushahidi ndani yake. Bureti ya shule ina mistari ya sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, hivyo jicho linaweza kukisia nusu ya mstari tu: 24.90, 24.95. Anayeandika 24.93 amejisingizia jicho asilo nalo. Anayeleta 25.00 mara tatu mfululizo, wakati jaribio lake la awali ni 25.30, anamlazimu msahihishaji asimame na kutazama tena.

Kenya wamelisoma jedwali hili kwa makini zaidi. Katika usahihishaji wa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, alama tano za jedwali la taitresheni hugawanywa: jedwali kukamilika, matumizi ya desimali, ukaribu wa kipimo, kanuni ya kupata wastani, na usahihi wa jibu la mwisho. Ukaribu hulinganishwa na thamani aliyoipata mwalimu wa shule ileile kwa kemikali zilezile, kwa hiyo mtoto haadhibiwi kwa asidi iliyochanganywa vibaya stoo. Huo ni usomaji wa haki. Lakini nao unapima mkono. Uamuzi bado haupimwi.

Tusidhani wengine wamemaliza tatizo. Uingereza, kwa mageuzi yaliyoanza 2015, vitendo vya kemia ya A-level vilitolewa kwenye gredi, vikawa cheti cha pembeni cha kufaulu au kutofaulu. Programu ya kimataifa ya IB hufanya kinyume: mwanafunzi hubuni uchunguzi wake mwenyewe nao hubeba asilimia 20 ya gredi. Kwa madarasa ya watu wachache hilo linawezekana. Kwa mtihani wa taifa letu, unaosahihishwa na walimu waliokusanywa vituoni, kila mtoto na mada yake ni kazi isiyobebeka.

Turudi nyumbani. Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, wazazi walichanga, na mwaka 2014 ujenzi ulipamba moto nchi nzima. Musoma Vijijini, Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia aliyechaguliwa mbunge mwaka 2015, alihimiza maabara kwenye sekondari za jimbo lake. Wananchi waliobeba mawe na mchanga walijenga vyumba vya kuchunguzia. Karatasi inayofanyika ndani ya vyumba hivyo inaomba utii.

Walimu wa Suguti hawahitaji kusubiri mtaala. Maji ya majivu, yaleyale yanayolainisha mboga, yana kaboneti ya potasiamu na yanapimika kwa asidi na methili oranji iliyopo. Mpe mwanafunzi majivu ya kuni za aina mbili, muulize yapi yana nguvu zaidi, kisha unyamaze. Ataamua mwenyewe apime gramu ngapi, aloweke muda gani, achuje mara ngapi. Sahihisha maamuzi hayo kabla ya kusahihisha namba.

Na kwa watunzi wa Baraza la Mitihani ombi langu ni dogo: katika jedwali la chumvi, acheni mstari mmoja wa safu ya kwanza ukiwa mtupu. Mtahiniwa achague jaribio, aandike kwa sentensi moja kwa nini amelichagua, na apewe alama tano kati ya zile 25.