Brigedia na Risasi Zake: Jinsi Askari Mwaminifu Alivyoandikwa katika Doctor Who

Katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo Doctor Who, ambayo BBC ilianza kuionyesha tarehe 23 Novemba 1963, na ambayo mhusika wake mkuu ni msafiri wa nyakati asiyependa kuchukua silaha, hapana kazi iliyowaelemea waandishi kuliko kumpa msafiri huyo sahibu aliye askari. Kwani risasi za askari zikifaulu, yule mwenye hekima hana haja ya kuwapo. Nazo zikishindwa kila juma, askari hugeuka kichekesho, na uaminifu wa mtu wa kuchekwa hauna thamani machoni pa mtazamaji. Brigedia Alistair Lethbridge-Stewart, aliyechezwa na Nicholas Courtney tangu mwaka 1968, ndiye aliyepitishwa katika mwanya huo mwembamba. Naamini alipita salama kwa sababu uaminifu wake haukujengwa juu ya kumtii rafikiye, bali juu ya amana mbili zilizopingana, moja ya sahibu wake na moja ya cheo chake, akaachwa azichukue zote mbili mabegani.

Alipoingia mara ya kwanza hakuwa Brigedia, wala hakuwa mtu wa kuaminiwa. Katika The Web of Fear, hadithi ya sehemu 6 iliyoandikwa na Mervyn Haisman na Henry Lincoln, yeye ni Kanali anayetokeza ghafla katika mahandaki ya reli ya chini ya London, wakati watu wameuhama mji na kikosi kidogo cha askari kinatambua kwamba miongoni mwao yumo msaliti. Naye, kwa kuwa ametoka kusikojulikana, hawezi kuepuka kushukiwa. Huo ni ustadi mkubwa. Mtazamaji hakuambiwa ampende Kanali. Alilazimishwa kumchunguza kila neno na kila hatua, hata msaliti alipodhihirika kuwa mwingine, Kanali alikuwa amekwisha kupimwa na kuonekana mzima. Majaliwa nayo yalikuwa na fungu lake, maana David Langton, aliyepewa kwanza nafasi hiyo, aliiacha, na mwongozaji Douglas Camfield akampandisha Courtney, ambaye alikuwa amechaguliwa kumcheza Kapteni Knight, mtu anayeuawa kabla hadithi haijaisha. Sehemu nyingi za hadithi hiyo zilidhaniwa kupotea hata zilipopatikana Jos, Nigeria, habari zikatangazwa mwaka 2013; ila ya tatu haimo, nayo ndiyo sehemu ambayo uso wa Courtney unaonekana kwa mara ya kwanza.

Mwaka ule ule wa 1968, katika The Invasion, alirudi na cheo cha Brigedia akiwa mkuu wa UNIT, kikosi cha kubuni kilicho chini ya Umoja wa Mataifa. Kisha msafiri, aliyekuwa amehukumiwa mwaka 1969 kufungwa duniani, akaanza kifungo hicho mwaka 1970, sasa akichezwa na Jon Pertwee. Hukumu hiyo iliwapunguzia BBC gharama za kujenga sayari mpya kila mara, lakini kwa mwandishi ilikuwa na faida kubwa zaidi: mtu wa ajabu alihitaji sasa maabara, vibali, magari, na mtu wa kusimama baina yake na mawaziri. Brigedia akapata kazi isiyotegemea bunduki.

Amana mbili zile ziligongana wazi mwaka ule ule katika hadithi ya Malcolm Hulke juu ya Silurians, viumbe wa jamii ya mijusi waliotawala dunia kabla ya wanadamu, wakalala mapangoni karne zisizohesabika, kisha wakaamka na kuwakuta wapangaji wapya. Msafiri anajitahidi kwa sehemu nyingi kutafuta suluhu baina ya mataifa haya mawili, na mwishoni anapata njia ya kuwarudisha usingizini, akitumaini kuwaamsha mmojammoja na kuongea nao. Brigedia anangoja hata rafikiye aondoke, kisha mapango yanalipuliwa. Hafanyi hivyo kwa chuki wala kwa ujinga; ana amri ya serikali na ana hofu ya haki, maana viumbe hao walikwisha kueneza tauni iliyoua watu. Msafiri anautazama moshi kutoka mbali na kuliita tendo hilo uuaji. Mwandishi mwoga angeandika sehemu ya kuwapatanisha. Hapa hapana msamaha unaoombwa wala unaotolewa. Katika hadithi inayofuata wawili hao wanafanya kazi pamoja, na mtazamaji anajua tangu siku hiyo kwamba kila mara Brigedia anapomsaidia rafikiye, amechagua kumsaidia, kwa kuwa amekwisha kuonyesha kuwa aweza kuchagua vinginevyo. Huo ndio msingi wa nyumba yote.

Inferno, hadithi iliyoufunga mwaka huo, ikatoa ushahidi kwa njia ya kinyume. Don Houghton alimpeleka msafiri katika ulimwengu wa pili, ambamo Uingereza iko chini ya utawala wa mabavu, na humo Courtney anacheza kiongozi wa askari asiye na masharubu, mwenye kovu usoni na kitambaa cheusi jichoni. Mwili ni ule ule na sauti ni ile ile, ila mtu huyu ana amana moja tu, ile ya mamlaka. Na ardhi inapopasuka, na mamlaka yasipokuwa na la kumfaa, huyu mkali anaporomoka na kuwa mwoga anayemtolea bastola mtu pekee awezaye kuokoa ulimwengu mwingine. Sijui mfano bora wa kumweleza mhusika kwa kuonyesha alichopunguziwa.

Risasi, hata hivyo, zilibaki kuwa deni. Katika The Daemons ya mwaka 1971 anaamuru kwa utulivu sanamu la jiwe lenye mbawa lipigwe, na risasi hazifui dafu. Utulivu ule ndio uliomwokoa na aibu, kwa maana Courtney hakumcheza mtu aliyeshindwa, bali mtu aliyefanya la wajibu wake akangoja. Waandishi walipousahau utulivu huo, waliteleza: katika The Three Doctors alifanywa mtu anayepelekwa katika ulimwengu mwingine kabisa akashikilia kwamba yuko Cromer, mji wa pwani ya Uingereza. Hilo lilikuwa kosa, nami huliona kila nitazamapo, kwani mtu asiyeamini macho yake hawezi kuwa shahidi wa rafikiye. Robot, iliyoanza kuonyeshwa mwisho wa 1974, ilimwacha alalamike waziwazi kwamba angependa, walau mara moja, kukutana na adui anayedhurika kwa risasi.

Deni hilo lilikuja kulipwa mwaka 1989. Katika Battlefield, Ben Aaronovitch alimtoa Brigedia katika bustani ya kustaafu, akampa bastola na risasi za fedha, na mbele yake pepo mharibifu wa dunia asiyestahimili madini hayo. Msafiri anakusudia kwenda mwenyewe. Brigedia anampiga na kumwangusha, kisha anakwenda badala yake, akisema kwamba yeye ndiye awezaye kukosekana. Angalia jinsi nyuzi zote zilivyokutana: anamwasi rafikiye kwa ajili ya rafikiye, na risasi zinapasua. Mwandishi alikuwa amekusudia afe hapo. Wakamwacha hai, na msafiri, akidhani ni maiti, anaomboleza kwamba ilimpasa afe kitandani.

Courtney alifariki Februari 2011, na mwaka huo huo Steven Moffat aliandika sehemu ambamo msafiri anapiga simu na kuambiwa kwamba Brigedia amekufa kwa amani usingizini; neno lililotamkwa 1989 likatimia. Kwa sababu hiyo naona Death in Heaven ya mwaka 2014, ambayo inamfufua akiwa mtu wa chuma, ampokee binti yake asianguke na kumpiga adui kwa niaba ya rafikiye, kuwa pungufu kwa ufundi, ijapokuwa iliwaliza wengi. Mtu wa chuma yule hana serikali ya kuijibu wala mkuu wa kumwasi. Anatenda la rafikiye pasipo kuikiuka amana nyingine yoyote, na Brigedia wa mapango ya Silurians hakupata raha hiyo hata siku moja.